Misumari ya Cheptanui

Mama ya bwana yangu aliitwa Cheptanui, na jiko lake lilijulikana kutoka Rongai mpaka Njoro. Sisemi lilikuwa kubwa. Lilikuwa nyumba ya udongo, ya mviringo, paa la nyasi, kwenye laini za wafanyakazi katika shamba la mzungu tuliyemwita Bwana Miwani. Watu walilijua kwa sababu ungeweza kuingia humo saa yoyote usione chombo kichafu. Na humo walikula watu kumi na wanne kila siku, asubuhi, mchana na jioni: Cheptanui na mzee wake Kipkoech, watoto wao saba waliokuwa bado nyumbani, mama yake mzee ambaye hakuwa na jino hata moja, ndugu wawili wa mzee, bwana yangu Kipsang, na mimi.

Alikuwa mwanamke mfupi, anatumia mkono wa kushoto. Sikumwona akikaa jikoni hata siku moja. Alisema jiko si mahali pa kukaa, anayetaka kukaa aende kanisani, huko kuna viti.

Alikuwa na makarai matatu. La kwanza la kutoa uchafu, la pili la kusugua, la tatu la kusuuza. Maji yalipanda kutoka mtoni kwa migongo yetu, kwa hivyo hakuna aliyemwaga ovyo. Maji ya karai la tatu yakichoka yalishuka kuwa ya pili, ya pili yakashuka kuwa ya kwanza, na ya kwanza yakaenda kwa maboga. Vikombe vya chai viliingia mbele, kwa sababu chai haina mafuta. Halafu sahani. Halafu mwiko na sufuria ya mboga. Mwisho kabisa sufuria ya ugali, ambayo ilikuwa imeloweshwa tangu watu walipoinuka, ukoko unatoka wenyewe kama ngozi ya nyoka. Ukiiosha bila kuilowesha hakukugombeza. Alikuangalia tu, akakuacha ukwangue mpaka mkono uchoke.

Kwa ndani alisugua na jivu, jivu lililochekechwa lisiwe na kaa la kukwaruza. Kwa nje alisugua na mchanga na gunzi la mahindi mpaka masizi yakaisha. Halafu kila kitu kililala kifudifudi juu ya kichanja nje, juani. Sabuni ya mche kutoka Nakuru ilikuwa ya nguo, na ya sahani zilizoliwa nyama.

Karai la tatu halikuwa lake. Lilikuwa la Wangare, jirani Mgikuyu, aliyechukuliwa na lori pamoja na watu wake wote mwaka wa 1953, serikali ilipowahamisha Wagikuyu mashambani. Askari alimkatalia kupanda nalo, naye akaliacha mlangoni kwetu. Cheptanui alilitumia kwa kusuuza peke yake, na hakuliweka karibu na moto hata mara moja. "Nitamrudishia bila masizi," alisema. Na alimrudishia. Wangare alikuja mwaka wa 1960 amekonda, akaligeuza karai juu chini, akaangalia, akacheka.

Vibuyu vya maziwa vilikuwa habari nyingine. Hivyo havikuingia karai lolote. Vilikuwa na maji yao yaliyochemshwa kwa sufuria yao, na brashi yao ya kijiti cha mkindu, inayoitwa sosiot, na kaa la mti wa senetwet la kupaka ndani ili maziwa yalale vizuri yawe mursik, maziwa yetu ya mgando. Na kwetu nyama na maziwa havikutani. Ukila nyama, maziwa unayaacha mpaka siku nyingine, na chombo cha hii hakigusi chombo cha ile. Wazee walisema ukivikutanisha anayeumia si wewe, ni ng'ombe. Kiwele kinaoza.

Sasa misumari. Kwenye nguzo ya katikati Cheptanui alikuwa na misumari mitatu, na kila mmoja ulikuwa na kitambaa chake, vyote vimekatwa kwa gunia la unga. Msumari wa chini ulikuwa wa kitambaa cha vikombe na sahani. Wa kati, kitambaa cha kushikia sufuria za moto. Wa juu, ambao watoto hawakuufikia, kitambaa cha maziwa. Kitambaa kikitoka msumari huu kikaenda ule, alikichemsha, hata kama mvua inanyesha na kuni ni mbichi. Kipkoech alimcheka kwa hilo miaka yote. Aliwaambia wenzake kwamba mke wake ana ng'ombe wawili, watoto wanane na misumari mitatu, na anapenda misumari zaidi.

Mimi nililetwa hapo mwaka wa 1955, mvua ya mwezi wa nne ilipochelewa. Jina langu Chepkemboi. Nilikuwa nimesoma misheni miaka miwili, na nilikuwa nimekuja na mche mzima wa sabuni ndani ya sanduku langu la bati.

"Misheni walikufundisha nini?" Cheptanui aliniuliza siku ya kwanza.

"Kusoma, kushona na kuosha vyombo, mama."

"Kuosha vyombo nako ulifundishwa?"

"Ndiyo. Kwa sabuni na maji moto."

"Na kabla ya hapo kwenu mlikuwa mnavilamba?"

Yule bibi asiye na meno alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Niliosha zile sahani kwa sabuni yangu mwenyewe, nikazipanga kwenye kichanja, na Cheptanui akachukua moja akainusa.

"Inanuka kama shati," akasema, akairudisha karai la tatu.

Tulikaa hivyo mwezi mzima. Yeye hakukubali kushindwa na mimi sikukubali, lakini vyombo vilioshwa.

Halafu ikafika Jumamosi moja ambayo marika ya Kipkoech walikuja sita, akachinja mbuzi. Watu ishirini walikula. Mto ulikuwa umeshuka, maji unayachota kwa kikombe ukijaza debe, na wasichana walikuwa wamechoka. Nilibaki peke yangu na makarai. Nilipomaliza sahani za nyama niliona kibuyu kimoja kidogo, kile cha kuwapa watoto maziwa asubuhi, bado hakijaoshwa. Ilikuwa zamu yangu kukiosha mapema na nilikuwa nimekisahau. Maji ya vibuyu yalikuwa yameisha. Yaliyobaki ni yale ya karai la pili, yana sabuni, bado moto, na mafuta ya mbuzi yanaelea juu.

Nikawaza, misheni walisema sabuni na maji moto vinaua kila kitu. Nikakitumbukiza kibuyu.

Cheptanui aliingia nikiwa nakikung'uta. Akakichukua mkononi mwangu, akanusa mdomo wake.

"Umekioshea wapi?"

"Hapo."

"Na sahani za nyama?"

"Hapo."

"Kwa nini?"

"Maji ni maji, mama."

 Alitoka nje, akapanda kile kigoda cha kukamia, akakiweka kibuyu juu ya paa, kifudifudi, kwenye ncha ya mti unaotokeza ukingoni, mahali ambapo kila mtu anayepita njia angekiona.

"Kikae hapo," akasema. "Kimekufa."

Laini nzima ilikiona. Siku ya Jumapili watu wakitoka kanisani walikuwa wananiamkia macho yakiwa juu ya paa.

Siku ya Jumatano Lelgut akaugua.

Lazima nieleze juu ya Lelgut. Bwana Miwani aliruhusu kila mfanyakazi ng'ombe wawili, hakuna zaidi. Wetu walikuwa mmoja mwekundu, mpole, ambaye Cheptanui alimkama mwenyewe, na Lelgut, mwenye mdomo mweupe, aliyetoa maziwa mengi kuliko yule mwekundu mara mbili. Lelgut alipiga teke mtu yeyote ila Kipkoech. Kwa hivyo Kipkoech ndiye aliyemkama, asubuhi na jioni, akitoka kwenye ng'ombe wa bwana. Huko kwa bwana alikuwa nyapara wa wakamaji. Alikuwa na koti jeupe lenye vifungo, na kitambaa cheupe cha kufutia viwele alichotembea nacho kiunoni kama askari na mkanda wake.

Kwetu, baba ya bwana hasemi na mke wa mwanawe ana kwa ana. Kwa hivyo Jumatano ile Kipkoech alisimama nje ya mlango wa jiko, mimi nikiwa ndani, akazungumza na mke wake kwa sauti ya kunifikia.

"Cheptanui. Kuna mtu ameosha kibuyu cha maziwa kwa maji ya nyama."

"Kuna mtu," akasema Cheptanui.

"Basi mwambie huyo mtu kiwele cha Lelgut kimekuwa kama jiwe upande mmoja. Maziwa yanatoka na mabonge. Chuchu ile ikifa, Jumapili anarudi kwa baba yake. Kipsang atatafutiwa mwingine ambaye hajasoma."

"Amesikia."

"Sikusema na yeye."

"Na mimi sikusema umesema na yeye."

Kipsang alinifuata mtoni. Yeye alikuwa mtu wa amani, mpaka alipokufa alikuwa mtu wa amani, na mara nyingi ilinichosha.

"Omba msamaha tu," akaniambia. "Mzee akisikia umeomba, atapoa."

"Niombe nani? Ng'ombe?"

"Chepkemboi."

"Nikiomba msamaha nimekubali mimi ndiye niliyemuumiza. Sijamuumiza. Chukua debe hilo."

Akachukua debe. Lakini sikulala vizuri, sitadanganya. Nilimpenda huyo mtu wa amani. Na msichana aliyerudishwa kwa ajili ya kiwele cha ng'ombe hapati mtu mwingine, kila boma lenye ng'ombe linamwogopa.

Siku ya Alhamisi asubuhi Cheptanui alikwenda kumwangalia Lelgut. Aliporudi alinawa mikono, akanawa tena, akasugua na jivu, akanawa mara ya tatu. Halafu akaanza kusuuza vikombe kama siku zote, na mimi napokea nafuta.

"Kile kibuyu kilichokufa," akasema, "kilikuwa na maziwa ya nani?"

"Ya wote wawili. Yalichanganywa."

"Na maziwa ya jioni ile?"

"Ya wote wawili, mama. Kwenye vibuyu hivi vyote."

"Sasa kama kosa ni la kibuyu, mbona yule mwekundu anacheua pale kivulini na hana habari?"

"Hata mimi nilisema hivyo."

"Ulimwambia nani?"

"Nilisema moyoni."

"Moyoni uko peke yako." Akanipa kikombe kingine. "Na usifikiri nakutetea. Ulikosa, na utalipa. Lakini mimi nikiona uchafu kwenye sahani siulizi nani nampenda na nani simpendi. Nauliza umetoka wapi."

Akaanza kuuliza. Aliuliza kama vile alivyoosha, kimoja kimoja, cha mafuta mwisho. Majani yao ni mamoja? Ni mamoja. Maji yao? Ya mto ule ule. Mahali wanapolala? Boma moja. Ndama wa Lelgut ana kidonda mdomoni? Nikaenda nikamfungua mdomo, hana. Nini basi ambacho Lelgut anacho na yule mwekundu hana?

"Mzee," nikasema.

Cheptanui aliacha mkono wake majini.

"Mzee ndiye anamkama Lelgut," nikasema. "Yule mwekundu unamkama wewe."

 Nilifikiri nimevuka mpaka. Halafu akasema, "Futa hicho kikombe, unakimaliza rangi."

Jioni ile alikwenda kusimama kwenye ua wa boma, jambo ambalo hakulifanya kawaida, maana saa hiyo ilikuwa ya ugali. Mimi nilikoroga ugali huku nikimwona kupitia mlangoni. Kipkoech alitoka kwa bwana, akavua koti jeupe akalitundika kwenye mti. Akachomoa kitambaa kiunoni, akamfuta Lelgut kiwele, chuchu moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayefuta meza ya kanisa. Akamkama. Akakitundika kitambaa juu ya koti. Kila siku alifanya hivyo, na kila siku kitambaa kile kilibaki nje, kwa sababu Cheptanui hakukiruhusu kuingia jikoni kwake. Kwa hivyo hakuwahi kukigusa hata siku moja.

Ijumaa jioni alikigusa. Kipkoech alipokwenda kunawa miguu, Cheptanui alikitoa juu ya koti, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilikuwa cheupe, lakini kilinuka maziwa yaliyooza. Akakitia kwenye debe la maji, akaliweka juu ya mawe nje, akawasha moto. Maji yalipochemka yalipanda povu la kijivu, na ndani yake vipande vidogo kama vya jibini. Akalitoa debe motoni, akalifunika na bati.

Kipkoech alikaa nje kwenye kigoda, akanywa chai. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, na sufuria ya ugali mkononi. Sikuwa naiosha.

"Wale ng'ombe wa bwana uliosema wana viwele vibaya," Cheptanui akasema, "wamepona?"

"Wanne bado. Bwana amewatenga boma la chini. Wanakamwa mwisho, peke yao."

"Nani anawakama?"

"Nani mwingine? Hawa vijana hawajui. Bwana mwenyewe alisema, hawa wanne awashike Kipkoech."

"Ni vizuri. Halafu ukitoka kwao unakuja kwa Lelgut."

"Ndiyo."

"Na hao wanne unawafuta na nini?"

"Na kitambaa. Unafikiri nawafuta na ndevu?"

"Kitambaa gani?"

Kipkoech akageuka kuangalia mti wake. Akaona koti. Hakuona kitambaa. Cheptanui akasogeza debe mbele ya miguu yake, akaondoa bati.

"Hii ni nini?" Kipkoech akauliza, akirudisha kichwa nyuma.

"Supu ya kitambaa chako."

"Mwanamke, mimi nimekama ng'ombe miaka ishirini."

"Na mimi nimeosha vyombo miaka ishirini na mitano. Sijawahi kutoa kitambaa kwenye sufuria nikafutia kikombe."

"Hicho kitambaa ni cha bwana. Kinafuliwa kwa sabuni kila Jumamosi."

"Leo ni Ijumaa."

Yule bibi asiye na meno, aliyekuwa amejifunika blanketi kando ya ukuta na sote tulidhani amelala, akasema, "Hiyo supu msinipe mimi." Kipkoech akainuka akaacha chai.

Alipofika mlango wa nyumba yake aligeuka. Alikuwa mtu mwenye kiburi, na mimi naelewa kiburi. "Nilisema chuchu ikifa," akasema. "Neno langu sijalirudisha."

"Hakuna aliyekuambia ulirudishe," Cheptanui akasema. "Kesho namkama mimi."

Siku ya Jumamosi tulimfunga Lelgut miguu ya nyuma kwa kamba ya ngozi. Cheptanui alinawa na kunikagua mikono mpaka chini ya kucha. Chuchu mbovu aliikama mwisho, tupu kabisa, akamwaga kile kilichotoka juu ya jivu moto na kulifukia, kisha akakanda kiwele kwa maji moto ya chumvi. Mara sita siku ile. Kazi yangu ilikuwa maji moto na kushika mkia. Mara ya pili kamba ililegea, na Lelgut akanipiga teke kwenye muundi. Alama iko mpaka leo, anayetaka aje aione. Nilikaa chini nikaona nyota.

"Umeumia?" Cheptanui akauliza bila kugeuka.

"Hapana."

"Basi simama, maji yanapoa."

Jioni kiwele kilikuwa kimelainika. Chuchu tatu zilitoa maziwa safi. Ya nne ilitoa maji ya njano kidogo, halafu ikakata. Asubuhi ya Jumapili Cheptanui aliijaribu tena, akaivuta kwa upole, akaivuta kwa nguvu, hapakutoka kitu. Aliniangalia, mimi nikamwangalia. Ilikuwa imekufa.

Niliosha vyombo vya asubuhi, vyote. Vikombe, sahani za uji, sufuria, nikavilaza kwenye kichanja. Sikutaka mtu aseme Chepkemboi aliacha sufuria chafu. Vitambaa vitatu nikavirudisha kwenye misumari yao. Halafu nikatoa sanduku langu la bati nikaliweka njiani mbele ya jiko, nikalikalia. Kipsang alisimama pembeni, mikono imening'inia. Alisema atakuja nami. Nikamwambia anyamaze kwanza.

Kipkoech alitoka bomani. Alikuwa ameshika kiwele mwenyewe, nilijua kwa mikono yake iliyolowa, na alikuwa amejua chuchu imekufa. Alipita karibu nami akiangalia upande mwingine kama heshima inavyotaka. Akafungua mdomo kusema neno lake.

Hapo Cheptanui akatoka nyumbani. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa na shuka begani, na viatu, ambavyo alivivaa Krismasi tu. Mkononi alishika kile kitambaa, kimechemshwa, kimeanikwa, kimekunjwa mara nne, cheupe mpaka kinaumiza macho.

"Unakwenda wapi?" Kipkoech akauliza.

"Kwa baba yake Chepkemboi."

"Wewe kwa nini?"

"Mtu akirudishwa, waliomrudisha wanaeleza sababu mbele ya wazee. Wewe utaeleza kibuyu. Mimi nitaeleza kitambaa. Halafu wazee wataamua ni nini kilichoua chuchu."

Kipkoech alikiangalia kitambaa. Baba yangu na ndugu zake wote walikuwa wakamaji upande wa Molo. Neno likifika kwao Jumapili, Jumatatu kila boma la mzungu kutoka Molo mpaka Nakuru lingejua kwamba nyapara wa Bwana Miwani anabeba ugonjwa kiunoni kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Cheptanui hakusema hivyo. Alitengeneza shuka lake tu begani, kama mtu ambaye safari ni ndefu na jua linapanda.

"Nyundo iko wapi?" Kipkoech akauliza.

"Nyundo ya nini?"

"Usinichoshe. Iko wapi?"

Mtoto mmoja akamletea. Kipkoech alitafuta msumari kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akaja mpaka mlango wa jiko, akaupigilia kwenye mwimo wa nje.

"Juu kidogo," akasema Cheptanui. "Watoto wasiufikie."

Akaung'oa. Akaupigilia juu zaidi. Akachukua kitambaa mkononi mwa mkewe akakitundika.

"Hicho ni cha Lelgut na yule mwekundu," akasema, akiangalia ukuta. "Cha bwana kitabaki kwa bwana. Na mikono nitanawa hapa kabla sijaingia bomani." Halafu akasema, "Mwambie huyo mtu arudishe sanduku ndani. Limeziba njia."

"Amesikia," akasema Cheptanui, akaenda kuvua viatu, maana vilimbana.

Nililirudisha sanduku. Kipsang alilishika upande mmoja.

Nilidhani yangu yamekwisha. Mchana ule Cheptanui akanituma juu ya paa nikakitoe kile kibuyu. Alikiweka chini, akakikanyaga kwa kisigino kikapasuka. Halafu akaniletea kingine, kikavu, hakijatobolewa, bado kina mbegu ndani zinalia.

"Kosa la mzee limepata msumari," akasema. "Lako hili."

Mtu ambaye hajawahi kukitengeneza kibuyu hajui maana yake. Nilikitoboa, nikakilowesha nikatoa mbegu na nyama yake kwa kijiti, nikakijaza maji moto, nikamwaga, nikakijaza tena, kila siku, mpaka uchungu ukaanza kutoka. Nikakifukiza. Nikakipaka kaa la senetwet, nikakisugua, nikatia maziwa kidogo, nikaonja, chungu, nikamwaga kwa mbwa. Mvua ilikuja, mto ukajaa, mahindi yakatoa ndevu, na mimi bado na kibuyu changu. Hakikukaribia karai. Hakikukaribia sabuni. Sikumwambia Cheptanui kwamba nilikosa, na yeye hakuniuliza tena.

Mwezi wa nane maziwa yalilala humo vizuri, mazito, na rangi ya kijivu inayotakiwa. Cheptanui alimimina kwenye kikombe akampelekea mzee nje. Mimi nilikuwa ndani, kwenye makarai, nasuuza. Nilimsikia akinywa. Nilimsikia akiweka kikombe chini, halafu akikichukua tena.

"Cheptanui."

"Naam."

"Mwambie aliyetengeneza kibuyu hiki kwamba maziwa si mabaya."

"Amesikia."

"Sikusema na yeye."

"Lete kikombe," Cheptanui akasema. "Maji bado ni moto."